Aliyechimba Mfereji wa Msabato

Jumamosi, tarehe 13 mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, ikakatika saa moja asubuhi. Halafu jua likatoka kwa nguvu, barabara ikaanza kutoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Ndivyo nilivyoandika katika kaye yangu, daftari langu, siku ile, na chini yake kuna maneno matano tu: "Leo nimeshika kalamu, nimeona haya." Mengine yote nayaongeza sasa kwa kumbukumbu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema, maana mke wangu anakumbuka mambo fulani tofauti, na si mara zote yeye ndiye anayekosea.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza baiskeli. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Yanonge, kwa katekista aliyetupiga vidole tukiandika herufi zilizolala. Kwa hiyo mwandiko wangu umesimama wima mpaka leo, ingawa akili iliyo nyuma yake haikupata shule ya kutosha. Mwandiko huo ndio ulioniponza. Shefu wa mtaa alipita mbele ya kibanda changu, akasoma kibao nilichoandika, HAPA TUNAZIBA MIPIRA, akasema, "Citoyen," maana ndivyo raia wote tulivyoitwa wakati ule, "kuanzia leo wewe ndiye karani wa salongo."

Miaka ile ya Zaire, salongo ilikuwa kazi ya lazima kwa wote, kila Jumamosi asubuhi. Mtaa wetu, hapa Kisangani, ulipewa mfereji mrefu, kuanzia kapela yetu ya Wakatoliki mpaka kwenye kona ya njia inayoelekea Kabondo. Kila nyumba ilipewa hatua kumi. Hatua zenyewe zilipimwa na shefu, mwenye miguu kama ya korongo, kwa hiyo kumi zake zilikuwa kama kumi na tano za watu wengine. Tulichimba, mvua ya katikati ya juma ikarudisha matope, tukachimba tena.

Karatasi yangu ilikuwa na safu mbili: Yupo, Hayupo. Aliyekosa mara moja alionywa. Aliyekosa mara ya pili alilala kasho, yaani mahabusu, siku mbili. Aliyekosa mara tatu mfululizo alifungwa mwezi mzima, na vyombo vyake vya kazi vilichukuliwa na kupelekwa ofisini. Mvuvi angepoteza nyavu, mshonaji angepoteza cherehani. Sikumbuki kuona kitu kilichochukuliwa hivyo kikirudi.

Sasa kulikuwa na fundi wa mbao, kijana kutoka Kivu ya Kusini, nyumba ya nne kutoka kwangu. Yeye alikuwa Msabato. Tangu jua la Ijumaa lizame mpaka lizame tena Jumamosi, kwake hapakupigwa msumari hata mmoja. Jumamosi ya kwanza nilipomkosa kwenye mfereji nilimfuata nyumbani. Nilimkuta amevaa shati jeupe, amekaa na Biblia, mke wake mjamzito anafunga kilemba cha kwenda kanisani.

"Papa karani, karibu," akaniambia. "Leo siwezi kushika jembe. Kesho asubuhi nitachimba za kwangu, na za kwako pia nikupe likizo."

"Kesho hakuna salongo."

"Mufereji inajua leo ni siku gani?"

Nilirudi nikaandika: Hayupo. Asubuhi hiyohiyo niliandika Hayupo kwa shemeji yangu mwenyewe, aliyekuwa amelala na pombe yake. Nilijiambia: nikimwachia huyu kwa sababu ya Mungu wake, nitamwambia nini yule ambaye mungu wake ni chupa? Nilijiona mwenye haki kabisa. Leo naona haki ile haikuniuma popote. Misa yangu ilikuwa Jumapili. Siku yangu ya kusali hakuna aliyeigusa.

Jumapili yake alichimba kweli. Nikitoka misa niliona hatua zake kumi zimenyooka, kuta zake zimekatwa kama ubao uliopigwa randa. Nikamwendea shefu kumweleza. Shefu akasema Jumamosi ni Jumamosi.

Jumamosi ya pili niliandika tena Hayupo, na Jumatatu askari wakaja kumchukua. Mke wake alipita mbele ya kibanda changu na bakuli la chakula cha mfungwa kichwani, tumbo mbele, bila kunitazama. Alipotoka, yule fundi alikuja moja kwa moja kwangu akisukuma baiskeli yake. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitaka anitukane.

"Uliandika kweli, Papa karani. Sina neno nawe," akasema. "Nipigie upepo gurudumu la nyuma."

Nikapiga pampu. Nilipiga mpaka akasema basi, basi, itapasuka.

Nikamshauri kwa sauti ndogo: aende kwa nesi, apate karatasi ya ugonjwa kwa ajili ya Jumamosi inayokuja. Akatikisa kichwa. "Lakini mimi si mgonjwa, Papa." Akaongeza kwamba Bwana atafungua njia. Nikamuuliza njia gani. Akasema, "Ningejua, ningekuwa nimeshapita." Kisha akapanda baiskeli akaenda. Nilibaki nikimfikiria yeye na randa zake tatu, misumeno miwili, na mtoto ambaye angezaliwa mwezi uleule baba yake akiwa ndani.

Kwenye kona ya mfereji alikaa mama mmoja mjane, Mwislamu kutoka Maniema, akikaanga mikate ya mafuta. Mtaa mzima ulimwita Mama wa mikate, na ulimi wake ulikuwa na moto kuliko mafuta yake. Yeye na yule fundi hawakuwa wakisalimiana. Upepo ulikuwa ukipeleka maranda ya mbao ndani ya kikaango chake, akaenda kumwambia, wakaambizana maneno. Nalitaja hili ili mtu asifikiri walikuwa ndugu wa kupendana. Hawakuwa.

Ile Ijumaa nilikwenda kununua mikate. Alikuwa amerudi kutoka kusali, kitambaa chake cheupe bado kichwani. Nikamwambia kwamba kesho itakuwa mara ya tatu kwa fundi, nami ndiye nitakayeandika.

Aligeuza mikate kwenye mafuta, mmoja mmoja. "Mke wake anazaa lini?"

"Mwezi huu."

"Bon," akasema, akanipa mikate yangu.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe, ile ya mvua na mvuke. Watu walishuka mfereji mzima, matope mpaka magotini. Mama wa mikate alikunja kitenge, akachimba hatua zake kumi haraka kuliko wanaume wawili waliokuwa jirani naye. Alipofika kwenye kijiti cha mpaka hakusimama. Alikivuka, akaendelea kuchimba upande wa fundi.

Nikakimbia na karatasi yangu. "Mama, mpaka wako ni pale."

"Nimeuona. Macho yangu haijakufa."

"Hizi ni hatua za fundi."

"Kwani nimesema ni za kwangu? Wewe andika, mimi nachimba. Kila mutu na kazi yake."

Mwanamume mmoja mwenye mdomo mrefu, aliyekuwa ameegemea sepetu tangu asubuhi, akapaza sauti: "Mama, umepata bwana mupya? Mbona unamulimia shamba?"

"Bwana atakayenioa mimi atajua kuchimba kuliko wewe! Angalia kwako, bata wanaoga."

Watu wakacheka mpaka wengine wakateleza. Mimi nilicheka pia, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilimwona fundi akija kutoka kanisani na mke wake. Shati jeupe, Biblia kwapani, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alipomwona mama yule ndani ya mfereji wake, alisimama kama mtu aliyekuta nyoka mlangoni.

"Mama, toka humo, nakuomba."

"Mutu wa kuomba anasalimia kwanza."

"Salaam, Mama."

"Aleikum salaam. Bon, pita, usichafue shati."

Hakupita. Akasema polepole, na nadhani nakumbuka vizuri maneno yake: "Mama, siwezi kukubali. Amri ya siku hii hainikatazi mimi peke yangu. Mtumishi wangu naye asinifanyie kazi, hata mgeni aliye ndani ya milango yangu. Ukichimba kwa ajili yangu, ni kama nimechimba mimi."

Nakiri nilikasirika. Niliona ni kiburi: mtu anazama, anakataa kamba kwa sababu kamba imesokotwa Jumamosi. Ilinichukua muda kuona upande wa pili, kwamba pale kwenye mfereji ni yeye peke yake aliyekuwa na kitu cha kupoteza, na hakutaka kukiokoa kwa kujificha nyuma ya mgongo wa mama mjane.

Mama aliegemea jembe. "Mutumishi wako? Uliniita?"

"Hapana."

"Ulinituma?"

"Hapana, Mama."

"Na hutanilipa. Ukileta hata kijiti cha mbao kunilipa, nitakitia motoni. Mimi nimejituma. Tena aliyenituma kabisa si wewe. Mimi Ijumaa naacha mikate yangu naenda kusali, hakuna mutu ananiandika kwa karatasi. Nikae namna gani niangalie wewe unafungwa kwa siku yako? Nitamwambia nini Mungu, kwamba nilikuwa nakaanga?" Kisha akakumbuka neno moja, uso ukabadilika. "Na mugeni! Mimi mugeni? Niko hapa tangu wewe ukiwa hujui Kisangani iko wapi. Ndani ya milango yako! Milango gani? Mutaa wote iko na milango yako, na nyumba yako mwenyewe iko na kitambaa!"

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Alikuwa amewatengenezea watu wote milango, na mlangoni kwake palining'inia kitenge cha zamani. Mke wake ndiye aliyeanza kucheka, ameshika tumbo. Kisha tukacheka wote, na fundi mwenyewe akacheka, akapangusa uso kwa kiganja. Siwezi kusema kama lilikuwa jasho au machozi. Jua lilikuwa kali.

"Donc, kwa hiyo hata asante nisiseme?" akauliza.

"Ukisema asante, itakuwa nimekufanyia wewe. Nyamaza, nenda usome kitabu yako."

Akainamisha kichwa, akaenda. Nimeona watu wengi wakitii mashefu na mapadre na askari. Sijaona mwingine aliyetii kwa shida namna ile, na kwa unyenyekevu namna ile.

Sasa nilibaki mimi na kalamu. Shefu angepita saa sita. Nikiandika Yupo, ni uongo, na mwongo hafai kushika orodha ya watu. Nikiandika Hayupo, ni kweli, lakini ni kweli ndogo inayoacha nje jambo kubwa kuliko yote niliyoona asubuhi ile. Nilikaa juu ya jiwe. Nilisali Salamu Maria moja, sikumaliza, nikaanza nyingine. Sidai kwamba nilijibiwa. Nilichoona ni kwamba kulia kwa karatasi kulikuwa na nafasi tupu.

Nikachukua spoku ya baiskeli iliyokuwa mfukoni, nikaitumia kama rula, nikapiga mstari wa safu ya tatu. Juu yake nikaandika: Mfereji. Kisha nikatembea kutoka kapela mpaka kona, nyumba kwa nyumba, nikatazama matope wala si nyuso. Kwa fundi: Hayupo. Umechimbwa. Kwa yule mwenye mdomo mrefu: Yupo. Haujachimbwa. Nilishangaa jinsi waliokuwepo wengi mifereji yao ilivyokuwa bado. Nilipofika kwenye jina langu mwenyewe ilinibidi kuandika: Yupo. Nusu. Maana tangu nipewe ukarani nilikuwa nikijifanya kalamu ni nzito kama jembe, na hiyo nusu aliichimba mke wangu.

Shefu alikuja na abakosi yake, lile koti la wakati ule lisilo na tai, suruali ameikunja. Aliisoma karatasi, akairudia.

"Citoyen karani, hii safu ya tatu nani alikutuma?"

"Nimejituma, shefu." Nilishtuka kulisikia neno la Mama likitoka mdomoni mwangu.

"Fundi iko wapi?"

"Hayupo. Nimeandika."

"Mara ya tatu."

"Mara ya tatu, shefu."

"Na mufereji yake nani alichimba?"

Mama wa mikate akainua mkono uliojaa matope.

"Citoyenne, kwa nini?"

"Citoyenne ni dada yako. Mimi ni Mama. Nimeichimba kwa sababu ilikuwa haijachimbwa."

Shefu hakucheka. Akatembea mfereji wote peke yake, mikono nyuma. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama karibu kila mahali. Yalitembea tu kwa nyumba chache, na vizuri zaidi pale kwenye hatua ishirini zinazofuatana, za Mama na za fundi. Lazima niseme haki: shefu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita, na juu yake kulikuwa na mkubwa aliyemuuliza maswali kama yeye alivyotuuliza sisi. Nilimwona akisimama muda mrefu pale ambapo maji yalipita.

Aliporudi alisema, kama anayejisemea, "Nikipeleka karatasi hii, nusu ya watu waliokuja watafungwa pamoja na yule hakukuja." Akapumua kwa pua. Kisha akachukua kalamu yangu, akapiga mstari juu ya zile safu mbili za kwanza, chini ya ile ya tatu akatia sahihi. "Kuanzia leo nahesabu mifereji. Yote iwe imechimbwa mpaka kesho jioni. Watu wajihesabu wenyewe."

Alipokuwa akinirudishia kalamu akaniinamia. "Na wewe, Papa, umalize ile nusu."

Hivyo randa na misumeno vilibaki mahali pake, na fundi alilala kwake. Sikwenda kumwambia mpaka jua lilipozama, ili nisimletee mambo ya ofisi ndani ya siku yake. Nilipomwambia alikaa chini, akamwita mke wake, wakapiga magoti palepale kwenye mavumbi ya mbao. Sikujua kama nipige magoti nao au niende. Nilivua kofia.

Jumapili tulikuwa kapela, tunaimba, nikasikia jembe nje. Wengine nao walisikia, wakaanza kugeuka. Misa ilipokwisha tulimkuta fundi ndani ya mfereji wa mbele ya kapela, kipande ambacho hakikugawiwa nyumba yoyote, na ambacho sisi Wakatoliki tulikuwa tukikiruka kila juma na viatu vyetu vya ibada.

"Kwa nini hapa?" nikamuuliza.

"Pale kwa Mama nimekatazwa kulipa. Nimetafuta mahali ambapo hakuna mutu ninayemulipa."

Nilirudi nyumbani, nikavua shati la misa, nikachukua jembe. Nilichimba ile nusu yangu. Haikuchukua hata saa moja, na hilo liliniumiza kuliko malengelenge. Mama wa mikate alipita na kikaango chake, akatazama, akasema tu, "Aa, karani iko na mikono!" Aliendelea kuchimba hatua ishirini kila Jumamosi, ingawa sasa fundi angeweza kuchimba zake Jumapili, mpaka mvua zilipopungua. Mimi nilimsaidia kuanzia juma la tatu. Ningependa kuandika la kwanza, lakini ni la tatu. Mtoto wa fundi alizaliwa baba yake akiwa nyumbani, msichana, na aliyemwogesha siku ile ni Mama.

Lakini jioni ile ya Jumapili mke wangu alisema haiwezekani watu wapitie mlangoni petu namna hii bila kula, akawaita wote: fundi na mke wake, na Mama wa mikate. Kisha akakumbuka kwamba samaki aliyenunua ni ngolo, naye ngolo hana magamba, na Msabato hali samaki asiye na magamba. Nikataja nguruwe wa jirani aliyechinjwa juzi. Mama na fundi wakanitazama pamoja, kwa jicho moja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana bila mjadala. Mke wangu akashika kiuno katikati ya jikoni. "Mungu ni mumoja," akasema, "lakini anatupikisha mara tatu!" Alifunika sufuria ya ngolo, akaisukuma pembeni, akatuma kwa dada yake kuomba makayabu, ule samaki wa chumvi.

Tulikula lituma ya ndizi zilizopondwa, pondu, yaani kisamvu, ya mawese isiyotiwa samaki, na kipande kidogo cha makayabu kwa kila mtu.